Nyumba Isiyopigiwa Hodi

Siku mliponiaga kazini mlikata keki iliyochorwa kidonge juu, nusu chekundu nusu manjano, na mmoja wenu akaniambia nihutubie. Nikasema asante, nikakaa. Mnavyonijua mimi si mtu wa kunyamaza, mkadhani machozi yamenikaba. Hapana. Nilichotaka kusema hakikuwa cha kusemwa watu wakila keki. Sasa niko nyumbani, mtaa wa Landless, Thika, ni mchana, redio nimeizima, na nitakiandika.

Habari za vyeo sitawapa, hazikuwa za ajabu. Nitaanza na siku ya kwanza. Nilitoka chuoni nikaajiriwa duka la dawa pale Thika, chini ya mfamasia aliyeitwa Bwana Kariuki, mtu mrefu, mkavu, aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata mfukoni. Alinikabidhi sinia la kuhesabia vidonge na kisu chake butu, akanionyesha mara moja jinsi ya kuvisukuma vitano vitano, kisha akaenda nyuma kunywa chai. Nilijiona nimefika.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa baba mmoja wa mtaa wa mabanda wa Kiandutu. Alitaka dawa ya homa na kuumwa mwili. Nikahesabu, nikaandika kwenye bahasha ya kaki, moja mara tatu, nikampa na tabasamu. Bwana Kariuki akatoka na kikombe chake. "Nani atameza?" akaniuliza. Nikasema ni huyo huyo aliyetoka. "Umemuuliza?" Sikuwa nimemuuliza. Aliweka kikombe, akatoka mbio na lile koti lake, akamkuta yule baba karibu na stendi. Dawa ilikuwa ya mkewe, na mkewe alikuwa mjamzito. Tukambadilishia.

Kiandutu wakati ule, na hata leo, mgonjwa haji kwenye kaunta. Mgonjwa amelala chumbani, na anayekuja ni yule ambaye bado ana nguvu ya kutembea. Ukimtazama huyo ukampa dawa inayomfaa yeye, umetibu mtu mwenye afya na umemwacha mgonjwa kwa bahati yake. Kwa hivyo nikaanza kuuliza kila mtu: nani atameza? Niliuliza kwa hii sauti yangu niliyopewa na Mungu bila kidude cha kupunguzia, na foleni nzima ilisikia. "Nyokabi," Bwana Kariuki alikuwa akiniambia, "si lazima mpaka mtaa wa Makongeni wajue." Alifundisha kwa namna hiyo. Hakuwahi kunisifu hata siku moja, nami mpaka leo nikishika sinia la vidonge najinyoosha mgongo.

Miaka ikaenda. Nikahamia Ruiru, kwenye lile duka mnalolijua, linalotazama barabara. Mnajua kelele za pale: bodaboda, mhubiri na spika yake, kijana wa mitumba anayeimba bei. Mimi nilipapenda. Sauti yangu ilipata wenzake.

Ndipo akaanza kuja bibi kizee mmoja, shosho kama tunavyowaita. Alikuwa nadhifu, kitambaa cheupe kichwani, sweta limefungwa vifungo vyote. Alikuwa na tabia moja iliyonisumbua. Hakuja kwenye kaunta. Alisimama mlangoni mpaka umuone. Ningekuwa nimeinama nahesabu, halafu ngozi ya shingo inanisisimka, nainua macho, naye yupo, ananitazama, wala sijui amesimama hapo kwa muda gani. Akishaona nimemuona ndipo anakuja, polepole, na anazungumza kwa kunong'ona. Nikadhani anaumwa koo. Kila alipokuja nilimuuzia dawa ya kidonda cha koo bila yeye kuomba, naye alilipa bila kubisha. Mimi siogopi mashosho, nimezaliwa na mmoja na karibu nitakuwa mwingine, lakini huyu nilikuwa nikimuota.

Dawa aliyofuata ilikuwa propranolol, ya kutuliza mapigo ya moyo. Alisema ni ya presha yake. Cheti cha hospitali kilikuwa na jina Waithira, na kitambulisho chake kilisema Waithira. Nani atameza? "Ni mimi," alinong'ona.

Siku moja duka halikuwa na watu, nikamwambia akae nimpime presha. Presha ilikuwa nzuri. Kilichonishangaza ni mapigo. Mtu anayemeza dawa ile kila siku moyo wake hutulia. Wa huyu ulikuwa ukipiga mbio kama wa mtu aliyetoka kupanda ngazi, na alikuwa amekaa. Nikamfungua ule mkanda mkononi, nikamuuliza tena, "Shosho, hii dawa anameza nani?"

Akaweka kidole mdomoni mwangu. Mdomoni mwangu, si mwake. "Njoo nyumbani," akasema. "Hapa kuna kelele."

Kwake ni kijijini, Kalimoni. Nilienda Jumapili baada ya kanisa, nikiwa bado na viatu vya kanisani. Njia ilipita katikati ya mahindi, na kadiri nilivyolikaribia lile boma ndivyo nilivyoanza kusikia nyayo zangu mwenyewe. Lango lilikuwa la chuma, lakini bawaba zilikuwa zimefungwa mipira ya tairi na halikutoa mlio hata kidogo. Mbwa alikuwepo. Aliinuka, akanitazama, akalala tena. Kuku walikuwepo, majike matupu. Sikuona jogoo.

Nikavuta pumzi nipige hodi, maana nimelelewa, na nyumba ya mtu haiingiwi hivi hivi. Kabla sijatoa neno, nikamuona shosho dirishani ameinua kiganja. Alionyesha chini. Uani palikuwa na jiwe bapa, limeelekea mlango wa jikoni, limelainika katikati kwa kukanyagwa. Nikaelewa kwamba nisimame juu yake. Nikasimama. Pazia la chumba cha kwanza likasogea, likarudi. La chumba cha pili likasogea pia, na pale nikaona uso wa msichana, umetulia, unanitazama bila kupepesa. Tulitazamana hivyo mpaka jua likaanza kuniunguza utosi. Ndipo mlango ukafunguliwa. Katika nyumba ile mgeni anaonekana kwanza na watu wote walioko ndani, asije akamshtua mtu.

Ndani sahani zilikuwa za plastiki, miiko ya mti, na sufuria zilipangwa na vitambaa katikati ili zisigongane. Saa haikuwepo. Ukutani kulikuwa na picha mbili: Mwangi, mtoto wa kiume wa shosho, na Wambui, binti yake. Wote wawili walikuwa wamekufa. Yule msichana alikuwa binti ya Mwangi, na kwa sababu ni binti wa kwanza alipewa jina la mama ya baba yake kama desturi yetu ilivyo. Kwa hivyo nyumba ilikuwa na Waithira wawili, na cheti kilikuwa cha mdogo.

Shosho alinieleza, kwa kunong'ona, nami nikainama kama niliye kwenye maungamo. Mwangi alikuwa amelala kwake Ruiru, mchana, saa ya kengele ya jirani ikalia ng'ambo ya ukuta. Mkewe Njeri alimuona akikaa kitandani, akageuza kichwa kama aliyeitwa, kisha akaanguka. Alikuwa kijana mzima, asiyewahi hata kulazwa. Baada ya mazishi Wambui akaenda kukaa na mjane. Siku moja walikuwa wakinywa chai. Simu ikalia mezani, Wambui akanyoosha mkono aichukue, na mkono haukufika.

"Simu iliendelea kulia," shosho alisema. "Njeri anasema ililia mpaka ikajichokea."

"Na mtoto?"

"Mtoto nilimchukua. Kifo kinakaa na Njeri. Mara zote mbili ni nani alikuwepo? Nikamwambia asikanyage hapa."

Lakini kifo kilimfuata mtoto hadi shuleni. Kengele ililia, Waithira akaanguka, na Mungu alipenda, akaamka. Hospitalini wakampima moyo wakasema ana hitilafu ya kuzaliwa nayo, inayokwenda na damu ya ukoo. Wakampa dawa. Wakaonya kwamba kuna dawa nyingine nyingi asizopaswa kuonja. Wakataka ndugu wote wapimwe, mama mtu na shosho. Shosho hakumwambia mtu. Alidhani ugonjwa ukitajwa unasikia. Na ni nani angeoa msichana wa namna hiyo?

"Walisema ni ukoo," akaniambia. "Ni ukoo wa Njeri."

"Shosho," nikamwambia, "Wambui hakuwa damu ya Njeri."

Akanitazama kana kwamba nimepiga kelele. Sikuwa nimepiga. Nilikuwa nimenong'ona tangu niingie na koo lilikuwa likiniuma. "Mimi ni mzima," akasema. "Ningekuwa nao ningekufa kitambo."

Nikamgeukia msichana, maana anayemeza ndiye wa kuambiwa. Nikamweleza hivi, nanyi waelezeni wagonjwa wenu hivi. Moyo ukishapiga unahitaji kujaza chaji kabla ya pigo linalofuata. Wako unachelewa, kama simu ya zamani. Ukishtuliwa kabla haujajaa, unatetemeka badala ya kupiga. Hii dawa yako inaulinda, usiiache hata siku moja. Na ziko dawa za kawaida kabisa zinazouchelewesha zaidi: baadhi ya za kifua, baadhi za kutapika, baadhi za malaria na za fangasi. Kwa mwenzako ni salama. Kwako zinaweza kuua, na hutasikia uchungu wowote. Kila kaunta utakayosimama, sema moyo wako ukoje kabla hujasema kinachokuuma.

Alisikiliza vizuri. Kisha akasema jambo ambalo bado linanijia nikiwa naosha vyombo. "Daktari, kabla sijaanguka kila kitu kilinyamaza. Hata ndege. Niliona kengele inatikisika na sikuisikia." Akaangalia zile sufuria zilizovikwa vitambaa. "Hapa kwa shosho kumenyamaza hivyo hivyo kila siku. Sijui nitajuaje ikianza."

Nilimwambia shosho mama mtu lazima ajue. Akasema akijua atamchukua. Nikabishana naye hadi jua likashuka, ubishi wa kunong'ona, sijawahi kuchoka vile. Hakukubali. Nilirudi nyumbani, nikamwasha mume wangu kwa maneno bila kosa, kusudi tu nisikie sauti.

Shule zilipofungwa, asubuhi moja aliingia dukani mama mmoja mwenye nyuzi kwenye sweta, mshonaji wa kiwandani. Foleni ilikuwa ndefu. Alipofika akasema, "Nipatie dawa ya kusimamisha kutapika, ile ya haraka."

"Nani atameza?"

"Msichana wangu. Alikuja na kifua kibaya. Juzi nilimnunulia dawa ya kifua mahali pengine, sasa hiyo dawa imemtapisha, na kichwa kinamzunguka."

"Dawa gani ya kifua?"

Akatoa pakiti mfukoni. Erythromycin. Hakuna aliyemuuliza swali huko alikonunua, na hata wangemuuliza asingekuwa na la kujibu.

"Alikuja kutoka wapi huyu msichana?"

"Kwa shosho yake, Kalimoni. Hata sijui alivyokubaliwa kuja. Amemaliza miaka akikatazwa."

Nilijua kabla sijauliza jina, lakini niliuliza. Waithira.  Dawa ile ya kifua ilikuwa moja ya zile mbaya kwake. Kutapika kulikuwa kunamwaga chumvi ambazo moyo unazihitaji. Na hii aliyotaka nimpe, ya kuzuia kutapika, ilikuwa mbaya nyingine. Siri ya mgonjwa nimeilinda maisha yangu yote ya kazi, lakini huyu alikuwa mama wa mtoto, na mtoto alikuwa kitandani. Nilimvuta Njeri nyuma ya rafu nikamwambia yote. Nilimuuliza swali moja: alikuja na vidonge vyake, vidogo, vya kila siku?

"Sijaona vidonge."

Alikuwa ameviacha Kalimoni ili mama yake asivione. Alikuwa amefundishwa kuficha, naye alificha.

Tulifunga duka. Foleni ilinung'unika, na inung'unike. Ploti ya Njeri, nyumba ya vyumba vya kupanga, ilikuwa nyuma ya mafundi wa kuchomelea mageti, na tulipokaribia nikasikia nyundo zikigonga chuma. Kila pigo lilinipiga mimi kifuani. Nilitaka kupaza sauti wanyamaze, mdomo nikaufungua kabisa, kisha nikakumbuka dirisha la Njeri liko juu yao. Mwanamke ambaye amepaza sauti maisha yake yote, siku ya kuhitajika sauti yake haikufaa. Nikaenda kwa yule fundi mkubwa, nikaweka mkono wangu juu ya nyundo yake. Alinitazama usoni, sijui aliona nini. Akaiweka chini. Akawaashiria wenzake, mmoja mmoja, na wote wakaacha. Mama aliyekuwa akifua akafunga mfereji. Redio ya ghorofa ya chini ikazimwa. Kimya kikapanda ngazi mbele yetu, na nikawaza maneno ya yule msichana, kwamba ndivyo inavyoanza.

Tulivua viatu. Mlangoni Njeri akainua mkono agonge kwa mazoea, mlango wake mwenyewe, nikaudaka hewani. Tukausukuma kidogo kidogo, tukasimama pale mwanga unapoingia, tukasubiri tuonekane.

Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Sikuona blanketi likipanda wala kushuka. Njeri alikuwa amenishika mkono, kucha zimeingia kwenye nyama, na hakutoa hata pumzi. Mbele yake walikuwa wameanguka wawili, na sasa alikuwa amesimama mlangoni akimtazama wa tatu asiweze kumwita jina. Tukasimama. Sijui kwa muda gani. Halafu msichana akageuza kichwa, taratibu, akatuona.

"Mami," akasema, "mbona kumenyamaza?"

"Ni sisi," Njeri akamjibu kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mchanga. "Ni sisi tumewanyamazisha. Lala hivyo hivyo."

Fundi mmoja alikuwa na gari la kubebea mageti, akatupeleka hospitalini bila kupiga honi, na mjue hilo kwa dereva wa Ruiru si dogo. Nilimpa daktari majina ya dawa zote: aliyomeza, aliyoacha, na ile ambayo karibu ameze. Walimfunga nyaya za mashine ya moyo, na kabla hawajamaliza kuzibandika tukaona mstari ukivurugika, ukawa kama maandishi ya mtu anayetetemeka mkono. Macho yake yalikuwa wazi lakini fahamu hazikuwepo. Kisha mstari ukarudi sawa wenyewe. Walikuwa tayari na dripu, wakamtundikia zile chumvi zilizomwagika, na kwa siku ile mstari haukuvurugika tena. Hao madaktari walijua kazi yao, nasema wazi. Wangekosa majina ya zile dawa wangechelewa, basi.

Kwa hivyo nyinyi mnaobaki kwenye kaunta, ulizeni. Ulizeni hata foleni ikifika barabarani, hata mteja akiwaita wambea. Na mtu akija na ugonjwa wa moyo wa kurithi, msimuuzie yeye peke yake. Ulizeni yuko nani mwingine nyumbani, na nani anamnunulia dawa akiwa hawezi kusimama.

Kesho yake shosho aliletwa kutoka Kalimoni. Nilikuwa nimepita kumuona msichana. Sote tulikuwa tumemzunguka, daktari wa moyo, nesi, Njeri na mimi, na tulipoinua macho shosho alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na kitambaa chake cheupe, anangoja kuonekana. Hakumsalimia Njeri. Njeri alikuwa ameshapimwa asubuhi, moyo wake ulikuwa sawa kabisa. Daktari akamwomba shosho naye apimwe.

"Nipimeni basi mmalize," shosho akanong'ona.

Alilala kwenye kitanda cha pili na nyaya zile. Daktari alitazama karatasi, akabadilisha nyaya, akapima upya. Kisha akavuta kiti akakaa karibu na kichwa chake, akamweleza polepole. Hitilafu ilikuwa kwake. Mwangi na Wambui waliitoa kwake, na mtoto akaitoa kwa Mwangi. Wako watu wanaoishi nayo hadi uzee bila kuanguka hata mara moja, na yeye alikuwa mmoja wao.

Shosho alizitazama zile nyaya kifuani mwake. "Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Si kosa lako, shosho. Ni damu."

"Nimesikia. Ni mimi."

Akainuka akakaa, nyaya bado zinaning'inia, akamgeukia Njeri aliyekuwa ng'ambo ya kitanda cha mtoto. Hakunong'ona. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake, na ilikuwa nzito kama yangu. "Njeri, nilikufukuza kwangu. Nilikunyang'anya mtoto nikawaambia watu unaua."

Njeri alikuwa akinyoosha shuka, pale pale palipokwisha kunyooka.

Ndipo huko nje kwenye ukumbi mtu akaangusha sinia la vyuma. Liligonga sakafu ya saruji kwa kishindo, vyombo vikatawanyika vikilia hadi ukutani. Daktari, nesi, mimi, na shosho mwenyewe, wote tuligeuka tukamtazama mtoto.

Njeri alimtazama shosho, aone kama bado amekaa.